Bakteria wa sileji: wanachofaa, wasichofaa

Nimetumia unga wenye bakteria wa Lactobacillus buchneri kwenye sileji ya mahindi (malisho mabichi yaliyokatwakatwa, kushindiliwa shimoni na kuchachuka bila hewa), na kwa mfugaji mwenye ng'ombe wachache anayechukua miezi kumaliza shimo moja, una thamani yake. Faida huonekana baada ya kufungua. Hewa ikiingia, chachu huamka na kula asidi ya laktiki, sileji inapata joto, kisha ukungu unafuata. Buchneri hugeuza sehemu ya asidi hiyo kuwa asidi ya asetiki, ile ya siki, na chachu haiivumilii. Ila wana mwendo wa polepole: sifungui kabla ya siku 60. Wenye haraka wachukue pakiti ya Lactobacillus plantarum. Hao huongeza asidi ya sileji (hushusha pH) upesi, lakini shimo likishafunguliwa kinga yao ni ndogo.

Pakiti yangu ya gramu 100 hutibu tani 50, yaani gramu 2 kwa tani. Napima gramu 16 kwa mizani ndogo, natia katika bomba la mgongoni la lita 16, na hiyo ni dawa ya tani 8. Nanyunyizia kila tabaka la sentimita 15, ndipo tunashindilia. Maji ya mfereji yenye klorini huwaua bakteria, hivyo natumia ya mvua, na mchanganyiko wote uishe siku hiyohiyo. Bomba lililowahi kubeba dawa ya ukungu usiliguse kabisa.

Kuhusu dukani: pakiti niliyoinunua kutoka rafu iliyopigwa na jua haikufanya lolote, sileji ilipata joto kama isiyotiwa kitu. Sasa nanunua iliyotoka kwenye friji tu, na tarehe naisoma kwanza.

Bakteria hawa hawaliokoi shimo lililoshindiliwa vibaya. Wala hawaokoi mahindi yaliyokatwa mabichi mno. Hayo hutiririsha maji na kunuka kama siagi iliyooza. Kata mstari wa maziwa (mpaka kati ya sehemu ngumu ya punje na ile yenye majimaji meupe) ukifika nusu ya punje, vipande vya sentimita 1 hadi 2. Ukianza kulisha, ondoa angalau sentimita 15 kila siku, ukuta mzima, usichimbe pango.

Kwa mabingobingo (nyasi za Napier), pesa yako ianzie kwenye molasi, kilo 30 kwa tani, baada ya kuyanyausha. Sukari ya mabingobingo ni kidogo, na bakteria wasio na sukari hawatengenezi asidi.