Walimkatiza mwimbaji ili waite meza: luau ya hoteli moja Waikiki

Nyota moja, na hata hiyo naitoa kwa ajili ya wachezaji. Bei, orodha ya vyakula na saa ya kuanza mtavikuta kwenye tovuti ya hoteli. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa rohoni mpaka leo ingawa siku zimepita. Kwenye luau, yaani karamu ya Kihawai ya chakula na ngoma, ya hoteli hii ya ufukweni Waikiki, kisiwani Oahu, Hawaii, mshereheshaji alimkatiza mwimbaji wa hula, ngoma ya jadi ya huko, akiwa anakaribia kutaja jina la mfalme, ili aite meza ya 14 ikapakue nyama.

Kuna atakayesema ni chakula cha jioni tu, punguza hasira. Sipunguzi.

Waliyokuwa wanacheza ni hula kahiko, hula ya kale. Humo hamna gitaa wala ukulele, kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne. Kuna mtu mmoja anayeghani, aghalabu mwalimu wao mwenyewe, kumu hula, ameketi na ipu heke: vibuyu viwili vilivyounganishwa, kikubwa chini, kidogo juu, na tundu kileleni. Wachezaji wanacheza maneno. Ubeti ukitaja mvua, vidole vinashuka. Ukitaja ua, vinakusanyika ncha kwa ncha. Wahawai hawakuwa na maandishi kabla ya wamisionari kufika mwaka 1820, kwa hiyo nasaba, safari, majina ya mvua na pepo za kila bonde na sifa za machifu wao vilikaa vifuani mwa watu, vikapokezanwa kwa nyimbo hizi. Ukimzima mwimbaji, kinachobaki jukwaani ni mazoezi ya viungo.

Na wimbo wenyewe usiku ule ulikuwa mele inoa, aina inayotungwa kwa heshima ya mtu mmoja na kumalizika kwa kumtaja. Wachezaji wanapaza sauti, "he inoa no", yaani wimbo wa jina la fulani, kisha jina linafuata. Hapo ndipo mwenye wimbo anapokabidhiwa wimbo wake. Kukatiza kabla ya hapo ni sawa na kukata dua watu hawajaitikia amina.

Tena jina lenyewe ni la nani? Kalakaua! Malkia Kaahumanu alikuwa amepiga marufuku hula ya hadharani mwaka 1830, na kwa miongo mingi ikachezwa kwa kificho au kwa kibali. Kalakaua ndiye aliyeirudisha uwanjani pa Kasri la Iolani alipotawazwa mwaka 1883, wacha-Mungu wa mjini wakapiga kelele, naye akarudia tena mwaka 1886 kwenye sherehe zake za kutimiza umri wa miaka 50. Mashindano makubwa kuliko yote ya hula, Merrie Monarch kule Hilo, mji wa kisiwa kikubwa cha Hawaii, yamepewa lakabu yake, "Mfalme Mchangamfu". Kati ya wafalme wote wa visiwa vile, wakaona wamkate huyo.

Ilivyokuwa ni hivi. Ubeti wa mwisho umeimbwa. Wachezaji wako chini, magoti yamekunjwa, mkao unaochoma mapaja kuliko unavyoonekana kwa mbali, mikono imenyooka mbele. Wamefungua midomo. Spika zikalia: "Meza ya 14 na 15, karibuni kwenye bufee!" Papo hapo muziki wa kurekodiwa ukafunguliwa, watu wakaburuta viti. Wale vijana hawakushusha mikono. Msichana wa mwisho kushoto alikuwa na shada la majani ya maile limeteleza hadi begani, hakuligusa. Mwimbaji alifunika tundu la kibuyu kwa kiganja, akasubiri, muziki haukukoma. Akalitaja jina bila kipaza sauti, na sisi wa meza mbili tatu za mbele ndio tuliolisikia.

Ingekuwa ni ajali ningenyamaza. Lakini kila kitu jukwaani kilionyesha kwamba hoteli haijawahi kumuuliza mwimbaji anahitaji nini. Ipu ina sauti mbili. Ile nzito inapatikana kwa kuudunda mkia wa kibuyu chini, hewa ikasukumwa na kutokea tunduni. Ile kali ni ya vidole vinavyopiga ubavu. Mapigo yanayojulikana na kila mwanafunzi, kahela, yanatamkwa "u te, u te te": u ni chini, te ni vidole. Ili u itoke, kibuyu kinadundwa juu ya kitambaa kilichokunjwa nene au mkeka laini. Jukwaa lile lilikuwa mbao tupu. Mbao tupu inatoa mlio wa kugonga mlango, tena inapasua kibuyu, na ukitaka kujua kibuyu kizuri kinachukua muda gani kupatikana, jaribu kulima, kukausha na kusafisha ndani vibuyu viwili ambavyo shingo zao zinaoana.

Kipaza sauti nacho kilikuwa kimoja, usawa wa mdomo wa mwimbaji. Kwa hiyo tulisikia te te te, u haipo. Mchezaji anaikanyaga ile u. Ikipotea, mguu unachelewa, na kwenye uwehe, pale visigino vinapoinuka pamoja na magoti kufunguka nje kwa ghafla, niliona mstari wa nyuma ukipishana na wa mbele. Waliokuwa karibu nami wakadhani wasichana hawajafanya mazoezi. Wamefanya! Dawa yake ni kipaza sauti cha pili chini, kielekezwe tunduni kwa mbali kidogo kisimezwe na pumzi ya kibuyu, na fundi mitambo aache kupunguza besi. Dakika 5 za kazi.

Sasa niseme kweli, maana haki ni haki. Baadaye walipanda wanamuziki wanne kwa ajili ya hula auana, ile ya kisasa ya nyuzi: ukulele, gitaa, besi na gitaa la chuma linalolazwa mapajani. Huyo wa gitaa la chuma, jamani. Chombo hiki ni cha hapo hapo Oahu, kinahesabiwa kuwa ubunifu wa Joseph Kekuku wa Laie mwishoni mwa karne ya 19, na ugumu wake ni kwamba hakuna pa kuishika noti. Kipande cha chuma kinateleza juu ya nyuzi, ukikosea kwa upana wa unywele kila mtu anasikia. Huyu hakukosea. Aliacha noti ikining'inia nyuma ya sauti nyembamba ya mwimbaji, kisha akaishusha taratibu ilipo. Na ukulele ilipigwa na mtu anayejua kazi yake ni kubeba mdundo, kujionyesha akawaachia wengine. Hiyo nayo ina mkono wa Kalakaua: vigitaa vidogo vya Madeira, kisiwa cha Ureno, ambavyo ndivyo vilivyozaa ukulele, viliingia Honolulu mwaka 1879 pamoja na vibarua wa mashamba ya miwa, na mfalme ndiye aliyevikaribisha kwenye burudani za kasri. Kwa nusu saa ile nilitaka kuandika nyota nne, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kusamehe.

Kisha mshereheshaji akarudi. Kati ya ubeti na ubeti wa auana kuna kipande kifupi cha kujazia; wimbo ukiwa wa ufunguo wa C, bendi inapiga mafungu ya noti D7, G7, halafu C. Hapo mchezaji anavuta hatua za pembeni na kutaja kwa sauti maneno ya kwanza ya ubeti unaokuja ili bendi na wenzake wajue wanakwenda wapi. Ni sekunde chache. Mshereheshaji aliona ni nafasi ya kutangaza vinywaji. Kila mara. Mara ya tatu bendi ikarudia ubeti uliokwisha pita, wachezaji wawili wakaenda na mpya, wengine na wa zamani.

Halafu likaja somo la hula kwa wageni. Wakapandishwa watu jukwaani, wakavalishwa sketi za nyasi, ambazo si vazi la kale la Hawaii. Za kwao zilikuwa za kapa, kitambaa cha gome, na baadaye majani ya mmea uitwao ti. Wakaambiwa watikise viuno kwa kasi. Mtikiso ule ni wa Tahiti, unapigiwa magogo ya mbao, na ni ngoma nzuri kwa haki yake, lakini usiuite hula. Hatua ya kwanza ya hula ni kaholo: kulia, unganisha, kulia, gusa, hesabu nne, kisha kushoto hivyo hivyo. Kiuno hakisukumwi. Kunja magoti, mabega yatulie, kiuno kitajiendea chenyewe. Wale wageni walisimama wima kama nguzo wakilazimisha kiuno, na bila shaka asubuhi yake migongo iliwauma. Usiku ukafungwa kwa kisu cha moto cha Samoa, bila mtu kutaja Samoa.

Nilimfuata meneja wa ukumbi. Kwa upole, sikuanza na shari. Nikamwambia foleni ya chakula ingeweza kusubiri nusu dakika, jina la mfalme litajwe. Alinitazama bila kuacha kuhesabu risiti. "Watu wamelipia nyama," alisema. "Hakuna aliyelipia jina." Akageuka akaenda zake.

Kwa hiyo nyota nne zile zikaishia hapo. Wachezaji tano, bendi tano, hoteli sifuri, lakini mfumo huu unataka namba moja, na pesa zinapokelewa na hoteli. Ninachohofia ni kwamba wakisoma nyota moja watamfukuza mwimbaji badala ya mshereheshaji. Basi wekeni mbili. Hapana, nikilikumbuka lile jibu la nyama, iwe moja.

Mnaopanga safari, nendeni Hilo wiki inayofuata Pasaka. Tiketi za usiku wa mashindano zinagombaniwa, ila Jumatano kuna maonyesho ya Hoike, bure, kwenye Uwanja wa Edith Kanakaole. Wahini mapema kwa sababu foleni ni ndefu. Mkilazimika kukaa Waikiki, kabla ya kulipa luau yoyote pigeni simu muulize maswali mawili: chakula kinapakuliwa kabla ya hula au wakati wa hula? Na anayeghani yupo jukwaani au ni kurekodiwa? Wakisita kwenye la kwanza, kateni simu.