Seti ya majani kubadilika rangi: jaribio tamu, kadi hapana

Nimenunua hii seti ya watoto ya kufundisha kwa nini majani hubadilika rangi, duka moja la vitu vya shule hapa Kampala, elfu sitini na tano, muuzaji nimembembeleza apunguze amekataa kabisa. Ndani kuna karatasi za kuchujia, vikombe vidogo vya plastiki, kinu kidogo na kadi za picha za miti ya Marekani, maple imewaka nyekundu mpaka mtoto wangu wa P2 (darasa la pili) akauliza kama imepakwa na kompyuta.

Jaribio ni tamu jamani. Maelekezo yanasema okota majani mwezi wa kumi, ndo msimu wa majani kubadilika rangi huko kwao, sasa mwezi wa kumi kwetu ni mvua na kijani kila upande, tukachukua mchicha wa jikoni, huku tunauita dodo, za kawaida tu, tukazitwanga na spiriti ya famasi (hiyo haimo kwenye boksi, na ashike mtu mzima, mbali na sigiri), tukachovya ncha ya karatasi tukasubiri. Rangi zinapanda polepole, kijani inachelewa chini, njano inatangulia juu, watoto kelele! Hapo wanaona wenyewe kwamba njano ilikuwemo siku zote ila klorofili ya kijani imeifunika, mti ukiacha kutengeneza hiyo klorofili ndo njano inajitokeza.

Shida ni kadi. Eti majani yanabadilika kwa sababu ya baridi, basi imeishia hapo. Baridi inachangia, lakini kinachoushtua mti hasa ni mchana kuwa mfupi, na sisi ikweta inapita hapo Kayabwe watu wanapopigia picha, mchana ni kama masaa 12 mwaka mzima. Mtoto wa Uganda lazima aulize mbona mwembe wetu haufanyi hivyo, kadi kimya. Halafu wekundu wameuchanganya na njano, wakati wekundu wa maple haukuwa umejificha, unatengenezwa msimu huohuo kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani. Mi niliwaonyesha majani machanga ya mwembe, yale mekundu mekundu, ni rangi za jamii moja, anthosiani, wakaelewa chapchap.

Naipa 3 kwa 5. Wa nasari bado, watamwaga kila kitu, anzia miaka 6 hivi. Na kama pesa inabana nunua karatasi ya kuchujia kahawa supamaketi, glasi unayo nyumbani, dodo sokoni, jaribio ni lilelile.