Boti Mbili za Besi, Zote Zimetumika, Zote Zinapendeza: Uchukue Ipi?

Umeshachuja boti za besi, zile za kasi za kuvulia samaki aitwaye besi, hadi zimebaki mbili. Zote ni za faiba, zote futi 19, kila moja ina injini ya nguvu za farasi 200, zimepishana mwaka mmoja tu, na bei zinakaribiana. Hapo ndipo wanunuzi wengi huamua kwa rangi, au kwa ukubwa wa skrini iliyofungwa kwenye dashibodi. Si ajabu. Boti ya besi hutengenezwa ivutie macho: rangi ya kumetameta, viti vya kukumbatia mgongo, zulia safi. Muuzaji naye huiosha na kuipiga nta kabla hujafika.

Mimi huzipanga sifa za boti kwa ugumu wa kuzirekebisha. Kitu unachoweza kukibadilisha kwa bisibisi na saa moja ya kazi kinakaa mkiani mwa orodha, hata kama dukani ni ghali. Kitu ambacho kikiharibika inabidi sakafu ing'olewe, hicho ndicho cha kwanza. Mpango wangu basi ni huu: bodi (ganda lote la boti) na tezi (nyuma yake), kisha injini, kisha mwenendo wake majini, kisha trela, na mwisho kabisa vifaa vya umeme.

Namba moja: tezi na kilicho chini ya sakafu

Wazo la boti hizi halijabadilika sana tangu Holmes Thurmond alipounda Skeeter ya kwanza huko Louisiana mwaka 1948, na Forrest Wood alipoanzisha Ranger huko Flippin, Arkansas, mwaka 1968: chombo kifupi cha ubavu, chenye sitaha pana ya kusimamia mvuvi, uzito wote umerundikwa nyuma. Kilichobadilika zaidi ni injini. Ya farasi 200 leo ina zaidi ya kilo 200, nazo zinaning'inia kwenye bao la tezi, ule ukuta wa nyuma, zikivuta na kusukuma kila boti inapogonga wimbi. Mwenye chombo akipuuza tundu moja la skrubu lililovuja, maji huingia ndani ya bao hilo. Katika boti nyingi za miaka ya nyuma ndani mna mbao, na mbao ikishalowa huoza kimyakimya huku nje faiba inang'aa.

Namna ya kupima ni rahisi na haikugharimu kitu. Inua injini nusu, shika sehemu yake ya chini, kandamiza kwa uzito wako, na mwenzako atazame bao la tezi kwa karibu. Likicheza hata kidogo, au ufa ukafunguka na kufunga kando ya boliti, ondoka. Kisha chukua nyundo ya plastiki ugonge bao zima, kutoka pembe hadi pembe. Palipo pazima panalia kavu na juu. Palipooza panatoa mlio mzito wa kufa. Zingatia hasa chini ya boliti za injini, kuzunguka kizibo cha kutolea maji, na pale zilipofungwa sensa za sona, kifaa cha kutambua samaki kwa mawimbi ya sauti. Mtu wa tatu kumiliki boti huwa ameshatoboa matundu yake mwenyewe bila kuyaziba vizuri.

Mipasuko midogo ya juujuu kwenye ngozi ya faiba, ile ya kama nywele, isikutie hofu ikiwa imetawanyika. Iliyo mibaya ni ile inayoanzia sehemu moja na kusambaa kama nyota, au inayofuata mstari wa kona ya tezi.

Lala chini ya boti pia. Chini kabisa, kuelekea nyuma, kuna sehemu bapa ambayo boti hutelezea ikiwa kasi. Weka rula ndefu iliyonyooka hapo. Pakiwa na bonde au kinundu, boti haitakimbia inavyopaswa, na kurekebisha ni kazi ya fundi wa faiba mwenye mkono hasa. Mkwaruzo wa omo, yaani mbele ya boti, uliotokana na kupandishwa mchangani ni jambo la kawaida. Tazama tu kama umefika kwenye nyuzi za faiba.

Waliotutangulia walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kwa boti ya besi ushauri huo ni wa kufuatwa neno kwa neno. Fungua mfuniko wa nyuma, ingiza mkono ngamani, kule chini ndani ya boti maji yanakokusanyika. Maji yenye harufu ya petroli, matope yaliyoganda, waya zilizounganishwa kwa utepe wa umeme: hayo yanakueleza zaidi kuhusu mwenye boti kuliko maneno yake.

Halafu kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na kinafaa hasa unapolinganisha boti mbili za aina moja. Zipitishe zote kwenye mzani wa magari zikiwa juu ya trela zake. Ondoa uzito wa trela, betri na petroli (lita moja ni takriban kilo 0.74), uone kilichobaki. Chini ya sakafu mna povu gumu la kuifanya boti ielee ikijaa maji. Povu hilo likilowa halikauki kwa urahisi. Ikiwa moja imezidi nyingine kwa kilo 100 na huoni mzigo wa kueleza tofauti hiyo, basi unanunua maji.

Namba mbili: injini

Wauzaji hupenda kutaja saa chache, yaani muda ambao injini imefanya kazi. Saa chache si lazima ziwe habari njema. Watengenezaji wengi huagiza huduma kila saa 100 au mara moja kwa mwaka, kinachotangulia. Boti iliyokaa miaka minne bila kuguswa imekosa huduma nne, hata kama saa zake ni 60. Petroli ya zamani, hasa yenye ethanoli, hunyonya unyevu na kuacha utando wa kunata kwenye mfumo wa mafuta. Mpira wa impela ya pampu ya maji hukauka ukiwa umejikunja mahali pamoja. Mimi ningechukua yenye saa 400 na daftari la huduma kuliko yenye saa 90 na hadithi.

Usikubali saa za kusemwa. Injini za kisasa za Mercury na Yamaha huhifadhi kumbukumbu zake kwenye kompyuta, na fundi mwenye kifaa chake atakutolea saa zote pamoja na mgawanyo wake kwa mizunguko: ngapi iliunguruma polepole, ngapi ilikimbizwa mpaka mwisho. Mgawanyo huo ndio mtamu. Injini mbili za saa 300 zinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa.

Kisha pima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Plagi zote zitolewe, betri iwe imejaa, mkono wa kasi ufunguliwe hadi mwisho, na silinda zote zipimwe kwa geji ileile. Namba yenyewe hutofautiana kwa aina ya injini. Unachotafuta ni zikaribiane, zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi. Ukisoma 120, 118, 121, 119, 120 halafu 92, hiyo ya mwisho ndiyo inayokwambia funga mkoba. Muuzaji anayekataa kipimo hiki ameshakujibu.

Fungua skrubu ya chini ya gia boksi, uache oili idondoke kidogo kwenye kidole. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ya skrubu ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihisi kwa kucha si vya kawaida. Ukiwa hapohapo, mwombe muuzaji akutolee pangaboi, lile linalosukuma boti. Uzi wa kuvulia hujisokota nyuma yake, ukakata sili, na maji yakapata njia. Ukikuta bonge la uzi limeyeyukia kwenye shafti, boti hiyo haijavuliwa pangaboi siku nyingi.

Kama injini moja ni ya mipigo miwili (two-stroke) na nyingine mipigo minne (four-stroke), kwangu ya mipigo minne inatangulia, kwa sababu ya ukimya, petroli na soko la kuuzia baadaye. Lakini si kwa kila hali. Mercury OptiMax ya mipigo miwili iliyotunzwa ni injini ya kazi, ina nguvu ya kuondoka nayo na ni nyepesi kuihudumia kwa fundi anayeijua, ingawa ina kompresa ya hewa inayozungushwa na mkanda ambayo nayo inataka kukaguliwa. Evinrude E-TEC, nayo ya mipigo miwili, ni suala jingine: BRP, kampuni iliyozitengeneza, ilisimamisha uzalishaji wa injini hizo mwaka 2020. Spea bado zinapatikana, ila ningeishusha bei kabla ya kuigusa. Kwenye ya mipigo minne vuta kijiti cha oili unuse. Kikinuka petroli na oili ikiwa juu ya alama, mafuta yanavuja kuingia kwenye oili.

Jambo moja husahaulika. Boti ya ukubwa huu ya soko la Marekani ina kibati cha uwezo karibu na usukani, kinachotaja farasi wa juu kabisa inaoruhusiwa kufungiwa. Ukikuta farasi 225 kwenye bodi ya 200, iache, bima peke yake itakusumbua. Na kinyume chake: bodi ya 200 iliyofungwa 115 ni boti inayolia kila siku, na injini yake imechoka mapema kuliko saa zake zinavyosema.

Namba tatu: majini, siku moja, kwa mzigo mmoja

Zijaribu zote mbili siku moja, ziwa lilelile, watu walewale, petroli ya kiasi kinacholingana. Injini iwe baridi ukifika. Aliyekuwashia mapema ana sababu. Hesabu sekunde kutoka kusimama hadi boti ipande juu ya maji. Ukishaikimbiza hadi mwisho, soma mizunguko: nyingi za aina hii zinatakiwa zifike kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika, na kiwango halisi kimo kwenye kitabu cha injini. Isipofika, huenda ni pangaboi tu, na pengine ni injini iliyochoka. Kompresheni uliyoipima itakutenganishia.

Zima, kaa dakika kumi, washa tena. Injini nyingi zenye hitilafu huwa na adabu zikiwa baridi. Vuta pia kamba ya kuzimia dharura uone kama kweli inazima; Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, dereva wa boti ndogo za namna hii analazimika kuifunga akiwa mwendoni, na wewe ungeifunga hata bila sheria.

Namba nne: trela

Fupi: soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT kwenye ubavu wa tairi. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za trela huzeeka kwa kusimama, kwa hiyo meno mazuri yasikudanganye. Inua gurudumu moja, lizungushe, sikiliza beringi. Kutu ya juu ya chasi huondolewa kwa brashi. Kutu inayotoka kwa maganda chini ya boriti haiondoki.

Namba tano: umeme wa juu

Hapa ndipo pesa za wanunuzi hupotelea. Sona ya kuona samaki moja kwa moja, kama Garmin LiveScope iliyotoka 2018, inamfanya muuzaji aone boti yake ina thamani ya gari. Iondoe kichwani. Kifaa hicho hufunguliwa kwa skrubu chache, na toleo jipya likitoka, la zamani hushuka bei siku ileile. Ukilinganisha boti mbili, zilinganishe zikiwa tupu.

Mota ya omo, ile ndogo ya umeme ya kusogezea boti polepole wakati wa kuvua, ndiyo ningeitazama kwa makini kidogo, maana volti zake huamua mengi. Nyingi za volti 24 huishia kama ratili (pauni) 80 za msukumo, za volti 36 kama 112, na kanuni ya wavuvi ni ratili 2 kwa kila ratili 100 za uzito wa boti iliyopakiwa. Kwa futi 19 kwenye upepo, volti 36 ni raha, 24 zinatosha. Betri tatu za asidi zikiwa za miaka mitano, zihesabu kuwa sifuri.

Mapambano ya kawaida, na ningechagua ipi

Yenye saa nyingi na risiti dhidi ya yenye saa chache bila risiti: ya risiti, bila kusita, mradi kompresheni imesimama. Yenye skrini tatu dhidi ya tupu yenye tezi imara: tupu. Mpya kwa mwaka mmoja dhidi ya iliyohifadhiwa gerejini baada ya kila safari: ya gerejini. Mbili zilizolingana kila kitu mpaka mwisho: nunua kwa yule aliyekuonyesha ubovu kabla hujaugundua.

Kabla ya kulipa, soma namba ya bodi iliyochapwa nyuma upande wa kulia. Kwenye boti za soko la Marekani ina herufi na tarakimu 12, na nne za mwisho ndizo zenye umri: F516 ni bodi iliyothibitishwa Juni 2015, modeli ya 2016. Kama tangazo lilisema 2017, unayo hoja ya bei. Ilinganishe na hati, kisha fanya hivyohivyo kwa namba ya injini na ya trela, kwa sababu ni mali tatu zenye karatasi tatu, na deni la benki linaweza kukaa juu ya yoyote kati yake. Ukitoa arubuni, iandikwe kuwa itarudishwa endapo vipimo vya fundi vitakataa, na yule muuzaji wa pili usimwambie umeamua mpaka hati ziwe mkononi mwako.