Kuzunguka mashamba ya mizabibu ya Franschhoek kwa tramu: uzoefu wangu

Ukipanga likizo kwenye mashamba ya mizabibu ya Rasi, Afrika Kusini, kabla hujatafuta hoteli amua kwanza nani ataendesha gari. Mashamba yametawanyika, usafiri wa umma wa kutoka shamba hadi shamba ni wa shida, na sheria inambana dereva wa kawaida kwenye gramu 0.05 za pombe kwa kila mililita 100 za damu. Ukionja kwenye mashamba mawili matatu tu, kiwango hicho hakiko mbali.

Hiyo ndiyo sababu mimi na mke wangu tulichagua Franschhoek, mji mdogo ulio bondeni kilomita kama 75 kutoka Cape Town, tukapanda Franschhoek Wine Tram, tramu (kigari cha reli) inayozungusha wageni mashambani. Huduma hii ilianza mwaka 2012 na inatumia reli ya zamani ya bondeni. Unakata tiketi ya siku nzima na kuchagua njia. Kila njia ina rangi yake na mashamba yake. Unashuka unapotaka, unakaa, halafu unapanda chombo kinachofuata. Mjue mapema kwamba si safari yote ni ya reli, kuna vipande vya basi. Pia tiketi ni nauli tu. Kuonja mvinyo unalipia kila shamba peke yake.

Tramu yenyewe ilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Iko wazi ubavuni na inakwenda polepole, mizabibu ikipita karibu kabisa na wewe, na milima imelizunguka bonde pande tatu. Tulikwenda Machi, mavuno yakielekea ukingoni. Vichala vichache vilivyosahauliwa vilikuwa vimeanza kusinyaa kwenye matawi, na kwenye ghala moja harufu ya zabibu zinazochachuka ilitupokea tangu mlangoni.

Kwenye kuonja, usione haya kuuliza. Dada aliyetuhudumia aliniambia niinamishe glasi juu ya karatasi nyeupe nitazame ukingo wa mvinyo: mwekundu mchanga huwa na ukingo wa zambarau, uliokaa miaka mingi huelekea rangi ya matofali. Kisha akanimiminia Pinotage, mvinyo wa zabibu iliyozaliwa hukohuko Afrika Kusini mwaka 1925, pale Abraham Perold, mtaalamu wa mizabibu, alipochavusha aina mbili za zabibu, Pinot Noir kwa Cinsaut. Una ladha nzito, kama zambarau zilizoiva zenye moshi kidogo, na ndio niliofunga chupa zake kwenye sanduku. Mke wangu hanywi pombe. Aliletewa juisi ya zabibu za shamba hilohilo, baridi, kwenye glasi ileile ya heshima, na hakuna aliyemshangaa.

Mashamba matatu kwa siku yanatosha kabisa. Zaidi ya hapo ulimi unachoka na unabaki kukimbizana na ratiba. Chakula cha mchana ndicho kinachokula muda: kwenye mgahawa wa shamba moja tulisubiri sahani mpaka tukainuka bila kugusa kitamutamu, maana chombo cha mwisho kilikuwa njiani. Ukikaa mezani, mwambie mhudumu mapema saa unayotakiwa kuondoka.

Jambo moja nililikosa sana. Kila mahali utasikia habari za Wahuguenoti, Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa na kuanza kufika hapa mwaka 1688. Lakini mizabibu hii ililimwa pia kwa mikono ya watumwa, wakiwemo waliotolewa Msumbiji na Madagaska, na hao hawakutajwa kwenye meza yoyote tuliyokaa. Kwa hiyo siku iliyofuata tulikodi gari na dereva tukaenda Pniel, kijiji kilicho kwenye barabara ya Helshoogte ya kuelekea Stellenbosch. Kilianzishwa mwaka 1843 kama misheni ya watumwa walioachwa huru. Nawasihi sana mkiweke kwenye ratiba yenu. Ni mwendo mfupi tu kutoka Franschhoek, na bonde lote utalitazama kwa jicho jingine.

Kwa tramu, ningewashauri mkate tiketi mtandaoni mapema, hasa za Desemba na Januari, na mchague zamu ya asubuhi. Chukueni kofia na krimu ya jua, kwa sababu kiti cha pembeni ndicho kizuri zaidi na ndicho kinachopigwa na jua.