Duka la Mlandege linalouliza "Wete ipi?"

Nilipoingia mara ya kwanza katika duka dogo la bidhaa za Pemba lililopo Mlandege, hapa mjini Unguja, mzee anayeuza aliniuliza, "Yakhe, kwenu wapi?" Nikamjibu kuwa mimi ni mtu wa Wete, mji wa huko Pemba. Hakuridhika: "Wete ipi? Jadida, Limbani au Bopwe?" Nimeishi Unguja miaka 11 nikiitwa Mpemba tu, kana kwamba kisiwa chetu chote ni mtaa mmoja, na swali lile lilinigusa kabla sijaonja chochote.

Tangu siku hiyo nimekuwa mteja wake, na sifa yangu kubwa kwa duka hili ni kwamba kila bidhaa inauzwa pamoja na mahali ilipotoka. Kila kapu lina kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono: ng'onda, yaani samaki wakavu, ni ya Kojani, karafuu ni ya Mtambwe, halua ni ya Wete. Anayewajua wavuvi wa Kojani, ambao hupiga dago, yaani kambi ya uvuvi, miezi kadhaa mbali na kwao, ataelewa kwa nini jina lao halifai kumezwa na neno "samaki wa Pemba". Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar nayo hutoka kisiwani kwetu, lakini katika maduka mengi ya mjini huwekwa katika vifuko vya wageni vilivyoandikwa Zanzibar peke yake. Za hapa zimekauka vizuri juani, zina vichwa vyake, na sikukuta hata moja iliyogeuka nyeupe kwa kuvundikwa kabla ya kuanikwa.

Halua ndiyo iliyonirudisha mara nyingi zaidi. Inang'aa, samli yake inachuruzika kidogo pembeni, haigandi kwenye meno, na hiliki inasikika baada ya utamu wa sukari kupita, jambo ambalo hupatikana tu pale mpishi anapokuwa na subira ya kuikoroga kwa saa kadhaa bila kuliacha sufuria. Nyumbani kwetu halua haikukosekana siku ya harusi wala siku ya Idi, ikitangulia kahawa, na watoto tuligawiwa vipande vidogo kwa sababu wageni walikuwa wengi. Nimeonja halua nzuri Unguja pia, na sitaidharau, ila hii inapikwa kwa mkono ninaoujua.

Mkate wa mofa hupatikana Ijumaa tu. Hausafiri vizuri, kwa hiyo hauletwi na meli kutoka bandari ya Mkoani, Pemba, kama bidhaa nyingine. Huokwa hapa hapa Unguja na mama mmoja aliyehamia kutoka Konde, na mzee humwambia kila mteja ukweli huo bila kuulizwa. Unga ni wa mtama mtupu, nao hubandikwa katika ukuta wa ndani wa tanuri la udongo hadi upande wa chini ushike rangi. Ukiula ungali moto pamoja na mchuzi wa pweza hutauliza kwa nini watu hupanga foleni.

Kasoro zipo, na kwa kuwa ninalipenda duka hili ni lazima nizitaje. Mwezi uliopita nilinunua nusu kilo ya halua chini ya kikaratasi cha Wete, na nilipoifungua nikajua kwa ulimi kuwa haikutoka huko. Nilirudi kesho yake. Mzee aliniomba radhi, akaeleza kuwa bahari ilichafuka, mzigo ukachelewa, na kijana wake akajaza kapu kwa halua ya mjini bila kubadilisha kikaratasi. Akanirejeshea fedha zangu zote. Nilikubali, lakini katika duka ambalo thamani yake yote ipo katika kutaja asili kwa usahihi, kosa la aina hiyo ni zito kuliko bei kubwa au nafasi finyu. Bei zenyewe ni za haki. Nafasi kweli ni finyu: wateja watatu wakiingia, wa nne husubiri barazani.

Kwa atakayekwenda, afike Ijumaa kabla ya swala, maana baada ya hapo mofa huwa imekwisha. Na akiulizwa kwao wapi, asijibu "Pemba", ataje kijiji.