Tahadhari: Mitungi ya kuzimia moto inayojazwa upepo

Ndugu wamiliki, wasimamizi na wapangaji wa majengo ya Dar es Salaam, ninawatahadharisha juu ya fundi anayejitambulisha kuwa wakala wa ukaguzi wa vifaa vya kuzimia moto, ambaye ametutapeli katika jengo la ghorofa tano ninalolisimamia Kariakoo na ambaye, kwa taarifa nilizopewa na majirani wawili, bado anazunguka mitaa hiyo hiyo.

Alifika mwezi Machi akiwa amevaa kizibao cha kung'aa na kushika faili lenye karatasi za nembo ya taifa, akaeleza kwamba wakaguzi wa Zimamoto wangepita wiki inayofuata na kwamba jengo litakalokutwa na mitungi iliyokwisha muda lingetozwa faini. Wengi wetu hatujasahau jinsi Soko la Kariakoo lilivyoungua tarehe 10 Julai 2021, kwa hiyo huku kwetu mtu akitaja moto hahitaji kurudia. Nilimkabidhi mitungi 22 kwa shilingi 35,000 kila mmoja. Aliirudisha kesho yake ikiwa imepakwa rangi mpya, ina sili za plastiki na stika zenye tarehe, na kwenye kila mtungi wenye geji mshale umesimama kwenye kijani. Risiti aliyonipa ilikuwa ya kuandikwa kwa mkono, si ya mashine ya EFD, na kwa hilo sina wa kumlaumu ila nafsi yangu.

Mwezi Julai waya wa feni ulishika moto katika stoo ya vitenge ghorofa ya pili. Mlinzi aliwahi na mtungi, akachomoa pini, akaminya. Ukatoka upepo na vumbi lisilojaza kiganja, kisha kimya. Akachukua wa pili, ukawa vilevile. Tulinusurika kwa sababu mpangaji mmoja alikimbilia kukata umeme kwenye meni swichi na vijana wa mizigo wakaleta ndoo za mchanga wa ujenzi kutoka jengo la jirani. Yaliungua marobota matatu, na hakuna aliyeumia.

Fundi mwingine tuliyemwita aliitoa mitungi yote ya unga upepo mbele yetu, kisha akaifungua mmoja baada ya mwingine. Katika mitungi 14 unga ulikuwa ule ule wa zamani, umeganda kama simenti iliyonyeshewa, na katika mitano haukufika hata nusu. Alitueleza kwamba mtungi wa unga husukumwa na naitrojeni kavu, lakini tapeli huyu, kwa kila dalili, alitumia kompresa ya kujazia matairi, na hewa yetu ya pwani ikiingia na unyevu wake ndani ya mtungi, unga hushikana. Geji haina kosa, kwa kuwa kazi yake ni kupima mgandamizo peke yake, na upepo wa kompresa humpandisha mshale kwenye kijani sawasawa na naitrojeni.

Mitungi mitatu iliyobaki ni ya gesi ya kabonidayoksaidi, ambayo haina geji kabisa na hukaguliwa kwa mizani: uzito wake mtupu hugongwa kwenye chuma, na gesi ikipungua kwa zaidi ya asilimia 10 mtungi unatakiwa kujazwa. Hiyo hakuigusa, isipokuwa kwa brashi ya rangi. Hata vitambua moshi sita alivyodai kuvifunga kwenye korido vilikuwa vimegandishwa darini kwa gundi, bila waya hata mmoja, vikiwa bado na vifuniko vya plastiki vya kuzuia vumbi.

Ninawaomba, kabla ya kumkabidhi mtu yeyote mitungi yenu, mwende ofisi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji iliyo karibu mkaulize kama anafahamika, na mkumbuke kwamba tozo ya ukaguzi wa Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu. Kazi ya kujaza ifanyike mbele ya macho yenu, unga wa zamani umwagwe mkiuona. Kwa mitungi iliyokwisha kurudi, ugeuzeni kila wa unga juu chini taratibu huku mmeweka kiganja ubavuni. Unga mzima husikika ukiteremka, na usipousikia ukitembea, msiutegemee mtungi huo hata kama geji inasoma vizuri.

Taarifa tumekwisha kuifikisha polisi. Mtungi mmoja tumeukata katikati kwa msumeno na kuuweka kwenye meza ya mlinzi pale mlangoni, na bonge la unga wake limo ndani bado. Msimamizi yeyote anayetaka kuligusa kwa mkono wake apite tu wakati wa kazi.