Kalibu ya chubwi niliyochongewa Moshi: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Siku ya pili tu tangu niwashe jiko la mkaa nyuma ya nyumba, mzee jirani yangu alichungulia juu ya michongoma akaniuliza, "Baba Neema, nasikia unayeyusha risasi. Una gobore humo ndani?" Nikamjibu, "Hapana mzee, hizi za samaki." Simlaumu. Madini yenyewe ni risasi, kinachotoka kwenye bunduki ni risasi, na kile kizito cha kwenye mshipi nacho wengi tunakiita risasi. Hapa nitakiita chubwi, nisije nikaitiwa mgambo.

Navua kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, upande wa Lang'ata, Jumamosi nikipata nafasi. Mchana perege, jioni kambale. Kwa kambale nataka chubwi yenye tundu katikati ili mshipi upite huru. Samaki akivuta chambo asihisi kama kuna kitu kizito kinamfuata. Za dukani bei nilikuwa naivumilia. Kilichonishinda ni kwamba za pakiti moja hazilingani: hii inaruka mbali vizuri, unafunga ya pili unarusha vilevile, inaishia karibu na miguu.

Nikaenda kwa fundi mmoja wa mashine ya lezi hapa mjini. Simtaji, kwa sababu nina la kumlalamikia huko mbele. Kwa shilingi 60,000 alinichongea kalibu ya kumiminia risasi, ya vipande viwili vya alumini yenye bawaba na mipini ya mti, pini ya chuma inayosimama katikati kutengeneza tundu, na kisahani juu cha kukatia shingo ya risasi ikishaganda. Niliagiza chubwi ya gramu 30. Kazi ya alumini ni safi, lazima niseme. Ukifunga vile vipande viwili na kuviinua kwenye jua, huoni mwanga ukipenya kwenye maungio.

Malighafi naokota gereji: vile vizito vya kubalansi magurudumu. Betri za gari sigusi, hata nikipewa bure. Ndani mna asidi na unga wa risasi, na sina mahali pa kumwaga sumu hiyo. Kwenye vizito vya magurudumu shida ni zinki, maana siku hizi vingi ni vya zinki au chuma. Mimi navibana kwa koleo kimoja kimoja: risasi inaacha alama ya meno, zinki inagoma. Kikinipita, moto ukiwa wa wastani naokolewa, kwa sababu risasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 327 na zinki kwenye 419. Zinki inaelea juu nzima nzima, unaiopoa kwa upawa. Ukipuliza mkaa kwa pupa ikayeyuka humo, sufuria nzima inakuwa uji usiomiminika. Najua, nilishamwaga moja.

Sasa pini. Chubwi kumi za kwanza nilizipima kwenye mizani ndogo kama ya sonara: nyepesi kuliko zote gramu 26.8, nzito kuliko zote 29.1. Zilikuwa na makunyanzi kama ngozi ya kobe, na ndani ya tundu makovu. Nikamlaani fundi. Kumbe alumini ilishapata moto, pini bado ya baridi; risasi ikiigusa tu inaganda pale pale kabla haijajaza pembeni. Siku hizi, kabla sijamimina chochote, nachovya ncha ya pini kwenye risasi iliyoyeyuka mpaka ifikie hali ya kutoka safi, bila risasi kuishikilia. Tano za kwanza narudisha sufuriani bila kuzitazama. Baada ya hapo namimina bila kusimama, naacha kidimbwi kidogo juu ya mdomo ili risasi ikisinyaa ipate cha kunywa, nahesabu mpaka nane, nakata, nafungua. Nikisimama kupokea simu, inayofuata inatoka na makunyanzi.

Ishirini za mwisho zilipima kati ya 29.0 na 29.3. Hazifiki 30 kwa kuwa risasi ya magurudumu imechanganywa na antimoni, madini mepesi zaidi, hivyo ni nyepesi kidogo kuliko risasi tupu. Kwa hilo simlaumu fundi. Kambale hana mizani, mradi zinalingana zenyewe kwa zenyewe.

Ninalomlaumu ni kwamba pini aliichonga imenyooka kama msumari. Risasi ikipoa inasinyaa, inaikaba, na wiki ya kwanza nilikuwa nagonga kwa nyundo ya mti mpaka ikapinda. Niliporudi aliniambia namimina vibaya. Tulibishana karibu nusu saa, mwisho akachonga nyingine inayochongoka kidogo kuelekea nchani, akanitoza 8,000. Hii mpya ukiigonga kwa kidole inachomoka. Ile hela bado inaniuma, kosa lilikuwa lake.

La usalama nalisema mara moja. Msimu wa masika nilitumbukiza kizito chenye unyevu. Maji yakageuka mvuke chini ya risasi na sufuria ikatema. Nilikuwa na glovu za kuchomelea na miwani, shati ndilo lililotoboka. Toka siku ile kila kitu kinakaushwa pembeni ya jiko kwanza. Nafanyia nje tu, watoto hawasogei, kwa kuwa risasi huharibu ubongo wa mtoto hata ikiingia kidogo kidogo. Sufuria nimeipaka rangi nyekundu, na mama Neema ameapa nikiisogeza karibu na jiko lake nitalala nayo. Nguo za kazi hiyo nazifua mwenyewe.

Kwa anayevua mara mbili kwa mwaka, anunue tu za dukani. Mimi nyota nampa nne kati ya tano, ile ya tano imebaki kwenye ile 8,000. Jumatatu narudi kwake kuagiza ya gramu 60, na safari hii mchoro wa pini naubeba mwenyewe.